Foleni iko kwa nani? Sydonia inayoganda na simu zinazokatika Kasumbalesa

Swali

"Papa fundi, jambo. Nasimamia kompyuta za ajansi yetu ya transiti hapa Lubumbashi: watu 31 mjini, 9 kwenye depo ya Kasumbalesa, mpakani. Laini ya mjini ni Mb/s 10 kushuka na 4 kupanda. Ya depo ni 4 na 2. Kila upande una ruta ya MikroTik, na depo inaingia kwetu kwa VPN ya WireGuard, handaki la siri ndani ya intaneti. Humo mnapita simu za IP, programu ya hesabu kwa Remote Desktop (kutumia kompyuta ya mbali), na kamera 8 za depo zinazorekodiwa mjini. Nakala ya seva inapandishwa mtandaoni kila usiku saa sita. Deklarasio tunafanya kwenye Sydonia, mfumo wa kompyuta wa forodha. Siku nyingi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana, rezo inakuwa mubaya: Sydonia inaganda, sauti zinakatika-katika, pingi (muda wa pakiti kwenda na kurudi) ya kwenda kwa mtoa huduma inatoka milisekunde 18 inafika 900. Niliweka kipaumbele 1 kwa simu na Sydonia ndani ya ruta, hakuna kilichobadilika. Mwenye laini anasema tununue 20. Patron anauliza: tununue ao tuache?"

Jibu

Mama, mwambie patron asubiri. Mkinunua 20 bila kugusa kitu kingine, mtapumua kidogo halafu pingi itarudi palepale. Nakala za seva, masasisho ya Windows na simu za mkononi zinazopandisha picha hazijui kushiba. Ukiongeza sahani, zinakula na ya pili.

Jibu lenyewe liko ndani ya namba zako mbili. Laini ikiwa tupu, pakiti inakwenda na kurudi kwa milisekunde 18. Ikijaa, 900. Waya haukurefuka kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kwa hiyo tofauti yote ni kusubiri. Fanya hesabu: sekunde 0.9 kwenye laini inayopandisha Mb/s 4 ni biti milioni 3.6, yaani karibu KB 450 za data zilizopanga mstari mahali fulani. Mahali hapo ni bafa, yaani sehemu ya kusubiria, ndani ya modemu ya mtoa huduma. MikroTik yako haihusiki: mlango wake wa nje unaongea na modemu kwa Mb/s 100 au zaidi, na wewe unaupitishia 4. Machoni pa ruta barabara ni nyeupe, hakuna anayesubiri, na pasipo mtu anayesubiri kipaumbele hakina wa kumtanguliza. Ni kama kumpa dereva karatasi ya kupita mbele akiwa bado parkingi ya Lubumbashi, ilhali foleni ya malori iko kwenye kizuizi cha Kasumbalesa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuihamisha foleni itoke kwenye modemu ambayo huwezi kuitawala, ije kwenye ruta yako. Inahamishwa kwa kuilazimisha ruta itoe data polepole kidogo kuliko laini inavyoweza kubeba. Ukishafanya hivyo, kupanga nani atangulie kunakuwa na maana. Wengi huanza na kupanga.

Kasi ya kweli, si ya mkataba

Usiandike 4 na 10 kwenye ruta kwa sababu ndizo unazolipia. Pima siku tano za kazi, mara tatu kwa siku: saa moja asubuhi, saa tano na saa tisa alasiri. Huna haja ya kuwafukuza watu kwenye kompyuta. Laini ikiwa imejaa na pingi iko juu, kasi inayosomeka kwenye mlango wa nje wa ruta ndiyo kasi halisi ya saa hiyo. Chukua ile ya chini inayojirudia; ya juu iliyotokea mara moja iache. Tuseme umepata 3.4 kupanda na 8.6 kushuka. Kupanda weka kikomo kwenye asilimia 90, yaani 3.0. Kushuka weka asilimia 85, yaani 7.3.

Kushuka kunabanwa zaidi kwa sababu huko unatawala kwa kuzungukia mlango wa nyuma. Data imekwisha kupita kwenye laini ndipo ruta yako inaiona. Unachoweza ni kutupa pakiti chache ili aliyetuma agundue na kupunguza mwendo. TCP, inayosubiri uthibitisho kwamba data imefika, hutii, na QUIC ya tovuti za kisasa pia. Mkondo wa UDP usiojali upotevu hautii, na huo unazuiwa kule unakotoka.

Patron atalalamika kwamba analipa 4 na wewe unamnyima 1. Sehemu kubwa ya hiyo 1 hakuwa nayo, na kipande kilichobaki ndicho kinachonunua foleni.

Kabla ya kugawa makundi, weka kikomo peke yake na aina ya foleni iitwayo CAKE, ambayo MikroTik wanayo tangu RouterOS 7. Upande wa kupanda, ikiwa mlango wa nje ni ether1:

```
/queue type add name=cake-juu kind=cake cake-nat=yes cake-flowmode=dual-srchost
/queue tree add name=kupanda parent=ether1 packet-mark=no-mark max-limit=3M queue=cake-juu
```

Kwa upande wa kushuka tengeneza aina nyingine yenye dual-dsthost, na mzazi (parent, yaani kilicho juu yake kwenye mti wa foleni) awe mlango wa ndani unaoelekea ofisini. CAKE hugawa laini sawasawa kwa kila kompyuta kwanza, kisha kwa kila mazungumzo ndani ya kompyuta hiyo. Mashini moja ikifungua mikondo 40 haipati mara 40 ya jirani yake. Neno cake-nat ni la lazima kwako kwa sababu ruta inabadilisha anwani. Bila hilo CAKE itaona ofisi nzima kama mtu mmoja.

Iache hivyo siku mbili. Ofisi nyingi zenye barua pepe na tovuti tu zinaweza kuishia hapa. Ninyi hamwezi, kwa sababu mna simu, mna Sydonia, na mna depo iliyo nyuma ya VPN.

Kwa nini kipaumbele chako kililala

Ukiacha modemu, kuna makosa matatu ya kukagua. Anza na kikomo. Kwenye MikroTik, kipaumbele cha 1 hadi 8 kinahesabiwa pale tu mzazi wa foleni ana max-limit (kikomo cha kasi) na watoto wake wanaigombania. Bila namba hiyo, 1 na 8 ni ndugu.

Kisha FastTrack. Kanuni hiyo huja tayari kwenye mpangilio wa kiwandani, nayo huvusha mazungumzo yaliyokwisha kuanzishwa bila kuyapitisha kwenye mangle, sehemu ya ruta inayoweka alama kwenye pakiti. Yasipopita mangle hayapati alama, na yasipopata alama hayaingii kwenye makundi yako. Dalili yake ni rahisi: fungua orodha ya foleni saa nne asubuhi, watu wote wako kazini, na kihesabio cha foleni ya Sydonia kinasoma sifuri au kinajongea kidogo tu. Zima kanuni hiyo kisha uiwashe upya ruta, maana mazungumzo yaliyokwisha kuchukuliwa na FastTrack hubaki humo mpaka yafe. Kichakataji kitafanya kazi zaidi, lakini kwa Mb/s 10 hata ruta ndogo haitoki jasho.

Kosa la tatu ni kuweka kipaumbele kwenye foleni ya mzazi. Kinafanya kazi kwenye majani ya mti, yaani foleni za mwisho zisizo na watoto.

Makundi manne yanatosha

Ukitengeneza makundi tisa, baada ya mwezi hata wewe mwenyewe hutakumbuka la saba lilikuwa la nini. Ile foleni moja ya CAKE sasa iondoe. Mzazi abaki na max-limit ya 3M, na watoto wapangwe hivi upande wa kupanda.

Sauti: kiwango cha uhakika (limit-at) kbit 600, kikomo 900, kipaumbele 1, foleni fupi ya kawaida ya pakiti 20 hivi. Foleni ndefu haina faida kwa sauti. Neno lililochelewa sekunde nzima heri lipotee. Kikomo cha 900 ni asilimia 30 ya laini, na nisingependa kivuke theluthi. Kundi linalotangulia wote likiachwa bila kikomo, siku moja kitu kisichohusika kitajipenyeza humo na kuziba njia ya wengine wote.

Kazi: Sydonia, Remote Desktop na DNS. Uhakika 1200, kikomo 3000, kipaumbele 3, aina fq_codel (foleni inayogawa kwa haki na kuzuia kusubiri kusirefuke). DNS watu huisahau. Jina la seva likichelewa kutafsiriwa kwa sekunde mbili, mtumiaji anaona Sydonia imeganda, na wewe unaangalia foleni ya Sydonia unaikuta tupu.

Kawaida: tovuti, barua pepe, WhatsApp. Uhakika 800, kikomo 3000, kipaumbele 5, fq_codel.

Mizigo: nakala za seva, masasisho, kila kinachoweza kusubiri usiku. Uhakika 200, kikomo 1500, kipaumbele 8.

Jumla ya viwango vya uhakika ni 2800, chini ya 3000 ya mzazi. Hilo usilivunje. Ukiahidi watoto zaidi ya alichonacho baba, hesabu ya vipaumbele inaharibika, na ruta haitakuambia.

Sasa, utaitambuaje Sydonia? Usiitafute kwa poti 443, kwa sababu siku hizi nusu ya dunia inapita 443, YouTube ikiwemo. Tumia anwani za seva za forodha na poti ambazo mashini zenu zinaziita; utaziona kwenye jedwali la mazungumzo la ruta mtu mmoja akiwa ameingia kwenye Sydonia peke yake. Ziweke kwenye orodha ya anwani yenye jina linaloeleweka, ili DGDA, idara ya forodha, wakihamisha seva ubadilishe mstari mmoja. Simu zitambue kwa VLAN yake (mtandao wake uliotengwa ndani ya swichi) na kwa anwani ya seva ya simu. Remote Desktop ni poti 3389, ya TCP na ya UDP zote mbili. Ukiiacha ya UDP, picha ya skrini itabaki kwenye kundi la kawaida.

Nakala ya seva itambue kwa anwani ya seva inayoipandisha na mahali inakokwenda. Kabla ya hapo, isimamishe isije asubuhi. Umesema inaanza saa sita usiku. SNEL, shirika la umeme, ikikata usiku na betri zikaisha, seva inazimika, na asubuhi mtu anapoiwasha, Windows inakumbuka kwamba kuna kazi iliyokosa saa yake na inaianza hapo hapo, saa mbili kamili, wateja wakiwa mlangoni. Saa nne za kupandisha kwa 3.4 ni karibu GB 6. Kama nakala yenu ina ukubwa huo, mshukiwa wako ni huyo. Fungua kipanga-kazi cha Windows na uondoe alama kwenye kisanduku kinachoamuru kazi iliyokosa muda ianze mara mashini inapopatikana. Kama nakala inaendeshwa na programu nyingine, tafuta chaguo kama hilo ndani yake. Kisha linganisha asubuhi mbaya na kumbukumbu za seva kuwashwa. "Siku nyingi" uliyoandika itakuwa imepata maelezo.

46 na 184

Simu zako zinaweza kuweka alama kwenye kila pakiti ya sauti. Alama hiyo inaitwa DSCP, ina biti 6, thamani 0 hadi 63, na ya sauti kwa kawaida ni 46. Sasa angalia mtego. Baadhi ya simu na seva za simu haziulizi DSCP. Zinauliza ToS, ambayo ni uga mzima wa biti 8. Huko 46 inaandikwa 184, yaani 46 mara 4. Ukiandika 46 kwenye kisanduku cha ToS, pakiti itatoka na DSCP 11, isiyo ya kundi lolote, nayo itaangukia kwenye kawaida pamoja na WhatsApp. Kagua kwa kunasa pakiti chache za simu kwenye ruta na kusoma namba yenyewe; usiridhike na kilichoandikwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya simu.

Alama ya 46 iamini ikitoka kwenye VLAN ya simu tu. Kwingine kote ifute iwe 0 inapoingia, kwa maana hakuna kinachozuia programu yoyote kwenye kompyuta kujipachika 46. Tena usitegemee alama hiyo baada ya kutoka nje: kwenye intaneti ya kawaida watoa huduma wengi huipuuza au huifuta. Ni ya nyumbani kwako. Kama siku moja mtakodi laini ya binafsi kati ya ofisi mbili, hapo mnaweza kudai kwenye mkataba kwamba alama ziheshimiwe, na kwa kiasi gani.

Na simu za mezani zifunge kwa waya. Kwenye Wi-Fi, vifaa vingi husoma biti 3 za mwanzo za DSCP tu, na kwa hesabu hiyo 46 inatua kwenye kundi la video.

Depo

Hapa ndipo ningekaa muda mrefu zaidi kama ningekuwa wewe. Laini ya Kasumbalesa inapandisha Mb/s 2. Kamera 8, hata ukizishusha kwenye mkondo mdogo wa kbit 256 kila moja, zinafanya 2048. Yaani kamera peke yake zimemaliza laini kabla mtu hajanyanyua simu. Hakuna QoS, yaani kupanga vipaumbele, ya kutatua hilo. Nunua kinasa-picha, kiweke depo, rekodi zibaki kule. Mjini mfungue kamera moja au mbili pale mnapohitaji kuona kitu. Gharama yake mnailipa mara moja, tofauti na kuongeza laini.

Baada ya hapo weka kikomo cha kupanda depo kwenye 1.7, ukipima kwa njia ileile. Na sasa hesabu simu, kwa sababu VPN inanenepesha pakiti. Simu ya G.711 (namna ya kubana sauti kuwa data, kama ilivyo G.729) inatuma pakiti 50 kwa sekunde. Kila moja ina baiti 160 za sauti na 40 za vichwa, jumla 200. WireGuard huijaza mpaka 208 na kuiongezea baiti 60 za kwake: 268. Mara 50, mara 8, ni kbit 107 kwa kila simu, kila upande. Simu 4 ni 429, robo ya laini, sawa. Simu 6 ni 643, asilimia 38, zimezidi. Ukitumia G.729, pakiti ya baiti 60 inatoka na 124, kbit 50 hivi kwa simu, na simu 6 zinakula 298 tu. Sauti ya G.729 ni hafifu kidogo, lakini ni ya mazungumzo ya kazi, haiimbi kanisani. Kwa depo ningechagua hiyo, na mjini ningebaki na G.711.

Vyovyote utakavyochagua, iambie seva ya simu idadi ya juu ya simu za depo kwa wakati mmoja. Simu inayozidi haiathiriki peke yake: pakiti zinazomwagika hutoka kwenye zote, kwa hiyo watu wote wanaanza "alo? alo?" kwa pamoja. Heri anayepiga wa mwisho asikie mlio wa laini kushughulika.

Jambo lingine la VPN: pakiti ikishafungwa ndani ya WireGuard, kwa nje zote zinafanana, ni UDP inayokwenda poti moja. Ukijaribu kutenganisha simu na Remote Desktop kwenye mlango wa nje hutaona tofauti. Panga foleni mara mbili. Mti wa kwanza mzazi wake awe mlango wa WireGuard wenyewe, ambako pakiti bado ziko uchi na alama zinasomeka. Humo sauti inatangulia, Remote Desktop inafuata, kamera mwisho. Mti wa pili uwe kwenye mlango wa nje, ambako handaki lote linachukuliwa kama mtu mmoja na kupewa kiwango cha uhakika kikubwa kuliko intaneti ya kawaida ya depo. Kikomo cha mti wa ndani kiwe kidogo kuliko sehemu ya handaki kwenye mti wa nje, kwa sababu ya zile baiti 60 kwa kila pakiti. La sivyo foleni itaundwa nje, kwenye giza. Mjini nako handaki lipe nafasi yake ndani ya kundi la kazi, maana sauti ya kwenda depo inatoka ikiwa imefungwa.

Yasiyotibiwa na foleni

Kuna kuganda ambako si foleni. Fomu inafunguka vizuri, unajaza, unabonyeza kutuma, inakaa milele, huku pingi iko 18. Hiyo mara nyingi ni ukubwa wa pakiti. Kwenye Windows jaribu `ping -f -l 1472` kuelekea anwani ya nje. 1472 na baiti 28 za vichwa ni 1500. Ikikataa, shuka mpaka ipite. Kupitia WireGuard yenye MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1420, kikomo ni 1392. Tiba ni kuiambia ruta ibane MSS ya TCP (ukubwa wa data ndani ya pakiti) ilingane na njia, kanuni moja tu kwenye mangle.

Angalia pia upotevu. Saa kumi na moja alfajiri, chomeka laptop moja kwenye ruta, chomoa wengine wote, tuma pingi 500 kwenye hatua ya kwanza ya mtoa huduma, ile unayoipata kwa `tracert -d`. Kama 5 au zaidi zinapotea laini ikiwa tupu, una hitilafu ya waya au ya redio, na hilo ni la mtoa huduma. Sauti inataka upotevu chini ya asilimia 1, kuyumba kwa muda chini ya milisekunde 30, na safari ya upande mmoja isiyozidi milisekunde 150 kwa pendekezo la ITU. Kama kiungo cha mwisho ni redio ya GHz 5, usikubali haraka maelezo kwamba ni mvua. Mvua inaumiza zaidi setilaiti za bendi ya Ku. Kwa GHz 5 uliza kwanza kuhusu mwingiliano, antena iliyosogezwa na upepo, na mti uliokua mbele yake.

Setilaiti ya zamani iliyoko kilomita 35,786 juu ina adhabu yake: kwenda na kurudi haishuki chini ya milisekunde 477 hivi kwa sheria ya mwendo wa mwanga. Foleni nzuri huzuia isifike 2000. Haiwezi kuileta 100.

Laini ya akiba ipangie mapema. Nyuzi zikikatika na ruta ikahamia kwenye 4G, kikomo cha 3.0 kinakuwa hadithi, kwani 4G inaweza kutoa 1.2 dakika hii na 6 dakika ijayo, na foleni inarudi kwa mwenye mnara. Tengeneza mti wa pili kwa mlango wa 4G wenye kikomo cha chini kabisa unachokiona, sauti na kazi tu, kundi la mizigo lizuiwe kabisa. Utapoteza kasi dakika za neema, lakini Sydonia itapita.

Umeme nao usisahaulike. Modemu, ruta na swichi kwa pamoja huvuta kama wati 30. Betri moja ya volti 12, Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isife, ina Wh 600. Ukitoa upotevu unabaki na saa 16 hivi. Mara nyingi utakuta kompyuta zote ziko kwenye inverta na swichi ya ukutani imesahauliwa kwenye SNEL.

Kujaribu, na lini ununue

Siku ya jaribio, jaza laini makusudi: pandisha faili la GB 1 kutoka kompyuta ya kawaida. Huku linapanda, tuma pingi mbili kwa pamoja kutoka mashini ya Linux iliyo kwenye VLAN ya simu, moja ya kawaida na nyingine kwa `ping -Q 184`. Ya kawaida ikibaki chini ya 60 na ya pili chini ya 35, foleni imehamia kwako. Ikiwa zote mbili zinapanda kwenye mamia, kikomo bado kiko juu ya kasi halisi. Punguza kbit 200 na urudie. Ya kawaida ikiwa nzuri na ya 184 ikawa sawa nayo kabisa, tazama kihesabio cha kundi la sauti: alama haisomwi.

Halafu mpe siku kumi za kazi. Kila siku saa nne asubuhi andika kwenye daftari kasi ya kila kundi na pakiti zilizotupwa. Kwenye mizigo na kawaida zitakuwepo, ndivyo inavyotakiwa. Unachotafuta ni kundi la kazi: kama limefika kwenye 2000 au zaidi kwa saa nzima, bado linatupa pakiti, na mizigo inabaki na zile 200 zake tu, hapo laini kweli ni ndogo na patron afungue mkoba. Anunue kupanda kabla ya kushuka, na depo kabla ya mjini. Kwenye mkataba aombe kasi ya chini iliyohakikishwa kwa maandishi, maana "hadi 20" kwa lugha ya wauzaji ni pamoja na 3.